Habari ya Kukoma kwa Hedhi na Dawa Zake

Kukoma kwa hedhi kulijulikana zamani kabla ya matabibu kukutungia jina. Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu walimtambua tangu kale mwanamke aliyekatikiwa na hedhi, wakamwekea eda ya miezi mitatu. Jina linalotumiwa leo na matabibu wa mataifa mengi lilizaliwa Ufaransa, katika mwaka wa 1821, pale daktari Charles de Gardanne alipounganisha maneno mawili ya Kiyunani, la mwezi na la kukoma. Mwalimu wa lugha hulitazama jina hilo kwa ridhaa, kwani halitaji ugonjwa wala upungufu.

Upungufu ulitajwa baadaye, nao ulikuja pamoja na kidonge. Ovari zikipunguza homoni ya estrojeni, sehemu ya ubongo iangaliayo joto la mwili hushtuka kwa badiliko dogo. Mwanamke akapandwa na joto kifuani na usoni, akalowa jasho, akakosa usingizi. Uke hukauka, na mifupa hupoteza uimara wake. Mwaka 1942 Marekani iliruhusu Premarin, dawa iliyotolewa katika mkojo wa farasi wenye mimba, nayo ilituliza joto hilo kweli. Lakini mwaka 1966 daktari mmoja wa New York, Robert Wilson, alitoa kitabu kiitwacho Feminine Forever, akakufananisha kukoma kwa hedhi na kisukari: maradhi ya upungufu, yapasayo kutibiwa daima. Baadaye ilifahamika kwamba taasisi yake ilipokea fedha za watengenezaji wa dawa. Kidonge chenyewe sikilaumu. Nalaumu kuuzwa kwake kwa kuwatisha wanawake na uzee.

Mwaka 1975 ilidhihirika kwamba estrojeni ikitumiwa peke yake huzidisha saratani ya ukuta wa mji wa mimba. Basi mwanamke mwenye mji wa mimba akaongezewa homoni ya pili ya kumkinga, na vidonge vikaendelea kumezwa.

Kishindo kikubwa kilikuja Julai 2002. Uchunguzi wa Marekani uitwao Women's Health Initiative uliwagawa wanawake 16,608 wa miaka 50 hadi 79. Baadhi walipewa homoni hizo mbili, na wengine kidonge kisicho na dawa. Sehemu hiyo ya uchunguzi ilisimamishwa kabla ya wakati wake. Katika kila wanawake 10,000 kwa mwaka mmoja, waliotumia dawa waliwazidi wenzao kwa wagonjwa 8 wa saratani ya matiti, 8 wa kiharusi na 7 wa moyo, wakapungukiwa kwa 5 waliovunjika nyonga. Hesabu hizo zilitangazwa kwa sauti kubwa kuliko zilivyostahili. Wanawake wengi waliacha dawa, na madaktari wengi wakaogopa kuiandika. Wachache waliuliza umri wa waliochunguzwa, ambao kwa wastani ulikuwa miaka 63, ilhali hedhi katika nchi hizo hukoma yapata miaka 51. Hofu iliyotoka kwa akina bibi iliwaangukia binti zao, waliokuwa wakiamka usiku na shuka zimelowa.

Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba kwa mwanamke mwenye afya aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapitisha miaka 10 tangu hedhi ikome, faida aghalabu huzidi madhara. Aliyepata kuugua saratani ya matiti kwa kawaida hapewi. Yeye hutafutiwa njia nyingine, kama vile baadhi ya dawa za sonona, au fezolinetanti, isiyo homoni, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2023. Ukavu wa uke hutulizwa kwa estrojeni kidogo ipakwayo mahali pake.

Novemba 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kuyaondoa maonyo mazito yaliyobandikwa baada ya 2002, kuhusu moyo, saratani ya matiti na kupotewa na akili. Onyo lililotokana na ugunduzi wa 1975, kwa anywaye estrojeni peke yake, liliachwa libaki.