Dibaji ya Utendi na Suala la Anwani

Msomaji wa riwaya anapowasomea wenzake sentensi ya kwanza ya kitabu akipendacho, huichukulia kuwa ni mali ya mtunzi mmoja, alama ya kumtambulisha. Katika tendi za kale za Kiswahili mambo hayakuwa hivyo. Mshairi alifungua kwa jina la Mwenyezi Mungu, akaleta hamdu, akamsalia Mtume na sahaba zake, ndipo akaingia katika kisa. Dibaji ilikuwa milki ya jamii nzima. Hadhira iliijua kabla msomaji hajafungua kinywa.

Desturi hiyo imewapa kazi waorodheshaji wa miswada ya hati ya Kiarabu. Miswada mingi haina anwani ya kudumu. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, hujulikana pia kwa jina la Chuo cha Herekali. Kwa hiyo mwanzo hunukuliwa ili mswada utambulike. Lakini mianzo yenyewe inafanana mno, na mwoneshaji njia anageuka kuwa mpotezaji. Ni lazima kushuka beti kadhaa chini ya dibaji ili kujua ni utendi upi ulioko mkononi.

Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, unastahili kutazamwa kwa makini zaidi. Hapa dibaji haiji kwanza. Kwanza yuko mama aliyeugua muda wa mwaka mzima, naye anamwita bintiye asogee, akae karibu na wino na karatasi. Kisha anamwagiza aanze kwa Bismillahi na kumtaja Mtume. Yaani ada ya ufunguzi, ambayo watunzi wengine waliitimiza kimya kimya, yeye anaifanya kuwa somo: binti anafundishwa namna ya kuanza.

Alice Werner na William Hichens walipouchapisha utendi huo mwaka 1934, waliupa anwani ya Kiingereza yenye maana ya mawaidha juu ya wajibu wa mke. Anwani hiyo imekuwa na nguvu kubwa, pengine kubwa kuliko inavyostahili. Mjadala mwingi umehusu utii wa mke kwa mumewe, ilhali beti za mwanzo zinamweka mbele mama anayekhofia kufa kabla hajasema yaliyomo moyoni. Wajibu wa mke umo, tena kwa mapana. Lakini umo ndani ya wasia, na wasia una mpokeaji anayejulikana, Mwana Hashima.

Katika ngano ushirika huo ni wa wazi zaidi. Fanani husema paukwa, na hadithi haiendelei mpaka hadhira iitikie pakawa. Mwanzo una sauti mbili. Mhariri wa utendi aondoaye dibaji kwa hoja kwamba ni marudio matupu, huwa ameiondoa sehemu ambayo wasikilizaji waliifahamu kuliko zote.