Saa Iliyoletwa na Waya

Miongoni mwa mashaka madogo ya nyumba yenye simu ya mezani, machache huudhi kama saa ya kwenye kioo chake inayokataa kusahihishwa. Mwenye nyumba huirekebisha usiku, akalala. Asubuhi simu hulia, na saa ikarudi palepale ilipokuwa, nyuma au mbele kwa saa moja kamili, au kwa tatu. Hulaumiwa betri, kisha chombo chenyewe, kisha mtoto aliyekichezea. Lakini kosa lililo sawasawa kiasi hicho halitokani na uchakavu. Saa mbovu hupotea kwa dakika, kidogo kidogo. Inayopotea kwa saa nzima aghalabu ni saa nzima, ila imepewa habari za mahali pengine.

Simu zinazoonyesha namba ya apigaye, zilizoenea Marekani na Ulaya katika miaka ya 1990, hupokea wakati kwa njia ya waya. Kule Marekani, baina ya mlio wa kwanza na wa pili, na Uingereza kabla ya mlio wa kwanza, kituo cha simu hupenyeza ujumbe mfupi wa milio ambayo sikio la mwenye nyumba halipati kuisikia. Ndani yake, pamoja na namba, mna tarakimu nane: mwezi, siku, saa na dakika. Mwaka haumo. Chombo huzitwaa tarakimu hizo na kujisahihisha kwazo, bila ya kujali mkono wa mtu ulifanya nini jana. Na pale ambapo laini ya shaba imeachwa na simu ikachomekwa kwenye kisanduku cha intaneti, kisanduku ndicho kinachoutunga ujumbe huo. Kisipoambiwa kiko nchi gani huweza kutoa saa ya Greenwich. Nyumba ya pwani yetu yenye kisanduku cha namna hiyo itajiona iko nyuma kwa saa tatu.

Jambo hili la wakati kuja kwa waya lina umri mkubwa kuliko simu. Chuo cha nyota cha Greenwich kilianza kupeleka alama za saa kwa telegrafu mwaka 1852. Unguja yenyewe ilifikiwa na waya wa chini ya bahari kutoka Aden mwaka 1879, zama za Sayyid Barghash.

Kabla ya hapo kisiwa hakikuwa hakina wakati. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, katika kumbukumbu alizozichapisha kwa Kijerumani mwaka 1886, anaieleza siku ya nyumba ya kifalme kwa mpango wa sala tano. Siku ilianza magharibi: jua likitua ni saa kumi na mbili, na usiku wa kesho umeshaingia. Mwenye saa ya mfukoni aliyeifuata hesabu hiyo kikamilifu ilimbidi airudishe kwenye kumi na mbili kila siku, kwa kuwa jua la Unguja halitui dakika ileile mwaka mzima. Hupishana kwa kama nusu saa. Hivyo kusahihisha saa hakukuwa dalili ya ubovu. Kulikuwa ni ada ya kila jioni, na aliyesahihisha alitazama mbingu yake mwenyewe.

Waya ulileta ajabu yake. Unguja iko mashariki ya Greenwich kwa takriban digrii 39, na jua lake hutangulia lile la Greenwich kwa saa mbili na dakika 37. Habari iliyopelekwa kutoka hapa saa tatu asubuhi, lau ingefika papo hapo, ingepokewa London saa kumi na mbili na dakika 23 alfajiri, yaani kabla ya saa iliyoandikwa kuwa imepelekwa. Nani basi mwenye saa isiyo sahihi?

Swali hilo liliamuliwa Washington mwezi Oktoba 1884, katika mkutano wa nchi 25 uliochagua Greenwich kuwa mwanzo wa hesabu ya dunia. Dola ya Kiafrika iliyokuwamo ni Liberia peke yake, Unguja haikuwamo. Hata hivyo hesabu yetu ilipata msemaji. Mjumbe wa dola ya Uthmaniya, Rustem Effendi, aliueleza mkutano kwamba kwao zinatumika saa mbili, ya Kifaranga na ile ihesabiwayo toka machweo, na kwamba hii ya pili haiwezi kuachwa kwa urahisi, kwa ajili ya wakulima mashambani na kwa ajili ya sala. Hoja yake ilikuwa na nguvu kuliko ilivyosikilizwa. Jamhuri ya Uturuki iliiacha saa hiyo mwaka 1926.

Kwetu, saa ya kigeni iliingia na mizinga. Sayyid Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti 1896, na Sayyid Khalid bin Barghash akalishika jumba. Waingereza walimpa muda hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Mamlaka ya kupiga yalikwisha kuletwa kutoka London kwa waya uleule. Dakika mbili baada ya muda kwisha mizinga ilianza, na kwa dakika zisizotimia hamsini watu wapatao mia tano waliuawa au kujeruhiwa. Siku za mwisho wa Agosti jua hapa hutua karibu sana na kumi na mbili kamili ya wakati wa kisiwa, kwa hiyo asubuhi ile saa ya manowari na saa ya mji zilikubaliana. Mnara wa taa uliokuwa mbele ya Beit al-Ajaib uliharibiwa vibaya, na katika matengenezo ya 1897 mnara wa saa ukawekwa usoni pa jumba lenyewe.

Hata saa rasmi tunayoifuata leo si ya Unguja. Kenya ilitumia kwa miaka kadhaa ya ukoloni saa iliyotangulia Greenwich kwa saa mbili na dakika 45. Sasa saa ya Afrika Mashariki ni saa tatu kamili, wakati wa digrii ya 45, mstari upitao jirani na Mogadishu. Kwa wastani jua hufika utosini mwa mtu wa Unguja saa sita na dakika 23. Simu iliyo sahihi kabisa imekosea dakika hizo, na hatulalamiki.

Watu wa Paris nao walikuwa wakiuliza saa kwa simu. Walikipigia chuo chao cha nyota hata laini ikawa haipatikani kwa kazi nyingine, na ndipo Ernest Esclangon, mkuu wa chuo hicho, alipobuni mashine ya kuwajibu kwa sauti ya mtu, iliyoanza kazi Februari 14, 1933. Huduma hiyo ilifungwa mwaka 2022. Uingereza ilifuata mwaka 1936.

Kwa hiyo anayetaka kuitengeneza saa ya simu yake na aanze kwa kuipima imekosea kiasi gani. Ikisoma sifuri tupu, umeme ulikatika. Ikipungua dakika chache kila mwezi, ni uzembe wa chombo. Ikikosea saa kumi na mbili kamili, asubuhi imechukuliwa kuwa jioni. Ikikosea saa moja, kule wanakobadilisha saa za kiangazi, huenda inafuata kanuni iliyokwisha: Marekani ilizisogeza tarehe zake mwaka 2007, na vyombo vingi vya zamani vilibaki na kalenda ya kale. Na ikirudia kosa kila ipigwapo, isiguswe. Kitafutwe kisanduku kinachoipa habari na kielezwe kiko wapi, au katika orodha ya mipangilio ya simu kifungwe kile kipengele cha kupokea saa kutoka kwenye laini, kama kipo.

Linabaki kosa moja lisilo na dawa, la saa sita. Mjukuu aliyezaliwa London husoma kwenye kioo 19:00 na kusema ni saa saba. Bibi yake, akitazama kioo hichohicho, husema saa moja, na kwenda kutawadha.