SIKU MOJA, MIAKA MBALIMBALI

Somo la historia kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, kama lilivyosomwa redioni

Natumaini ninyi mliokusanyika Maretadu, pamoja na wenzenu wa madarasa mengine ya Mbulu na Hanang', mmekwisha kaa, na kila mmoja ana daftari na kalamu. Mwalimu wa darasa na asimame karibu na ubao.

Leo tunasoma historia, na tutaanza kwa kuandika tarehe. Mwalimu, andika ubaoni: 9/12.

Tarakimu ya kwanza ni siku. Ile ya pili ni mwezi, yaani mwezi wa kumi na mbili, Desemba. Sasa nawauliza: siku hiyo palitokea nini katika nchi yetu?

(Hapa wanafunzi walipewa nafasi ya kujibu.)

Bila shaka wengi wenu mmesema, "Uhuru." Jibu hilo ni zuri, lakini bado halijatimia. Tarehe iliyo ubaoni haina mwaka, na katika siku hiyo ya tisa Desemba yametokea mambo makubwa mawili. Tuyatazame moja moja.

Tisa Desemba ya kwanza: 1961

Mwalimu, ongeza mwaka: 9/12/1961.

Usiku wa kuamkia siku hiyo, watu walijaa katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Ilipofika saa sita ya usiku bendera ya Uingereza iliteremshwa, na bendera ya Tanganyika ikapandishwa, yenye rangi ya kijani, nyeusi na dhahabu. Katika kilele cha Mlima Kilimanjaro, Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera yetu na kuwasha mwenge wa uhuru.

Angalieni jina la nchi. Iliyopata uhuru siku ile ni Tanganyika. Tanzania ilikuwa haijazaliwa. Zanzibar ilipata uhuru wake 10 Desemba 1963, ikafanya mapinduzi 12 Januari 1964, na nchi hizi mbili zikaungana 26 Aprili 1964. Jina la Tanzania lilikuja mwezi wa Oktoba mwaka huo huo. Kwa hiyo mtu akisema, "Tanzania ilipata uhuru mwaka 1961," amechanganya mambo.

Na sisi wa Mbulu tulikuwa na habari yetu katika safari ile ya uhuru. Katika uchaguzi wa Agosti 1960, chama cha TANU kilipata viti 70 kati ya viti 71 vilivyochaguliwa. Kiti kimoja kilichobaki kilikuwa cha Mbulu. Bwana Herman Sarwatt alisimama bila kupitishwa na TANU, akamshinda mgombea wa TANU, Chifu Amri Dodo. Babu zetu na bibi zetu walikuwa na kura, na waliitumia kama walivyoona wenyewe.

Tisa Desemba ya pili: 1962

Mwalimu, andika chini yake: 9/12/1962.

Je, baada ya uhuru kulibaki kazi gani tena? Ilibaki kazi kubwa. Mwaka 1961 Mwalimu Julius Nyerere alikuwa Waziri Mkuu, lakini mkuu wa nchi alikuwa bado ni Malkia wa Uingereza. Hapa nchini Malkia aliwakilishwa na Gavana Mkuu, Sir Richard Turnbull. Nyumba ilikuwa yetu, lakini hati yake bado ilikuwa na jina la mtu mwingine.

Mwezi wa Januari 1962 Mwalimu Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu ili akijenge chama, na Bwana Rashidi Kawawa akashika nafasi hiyo. Mwezi wa Novemba wananchi walimchagua Rais kwa mara ya kwanza. Wagombea walikuwa wawili, Mwalimu Nyerere na Bwana Zuberi Mtemvu, na Mwalimu alishinda kwa kura nyingi sana. Kisha, 9 Desemba 1962, Tanganyika ikawa Jamhuri. Jamhuri ni nchi isiyo na mfalme wala malkia. Mkuu wake huchaguliwa.

Mbona siku ileile? Viongozi waliichagua makusudi. Kazi iliyoanza 9 Desemba ilikamilishwa 9 Desemba, ili kila mwaka wananchi wakumbuke mambo yote mawili kwa sherehe moja. Jirani zetu wa Kenya walifanya vivyo hivyo: uhuru 12 Desemba 1963, Jamhuri 12 Desemba 1964.

Tano Februari: mara tatu

Tuendelee na siku nyingine. Mwalimu, andika 5/2, kisha weka chini yake miaka mitatu: 1957, 1967, 1977. Tazameni, kila mmoja umepita mwingine kwa miaka kumi kamili.

Tarehe 5 Februari 1957, huko Zanzibar, Jumuiya ya Waafrika na Jumuiya ya Washirazi ziliungana, kikazaliwa chama cha Afro-Shirazi. Tarehe 5 Februari 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha, lililosema kwamba nchi yetu itajengwa kwa ujamaa na kujitegemea. Kesho yake mabenki yalitaifishwa. Wakati huo Mbulu ilikuwa ndani ya Mkoa wa Arusha, maana Mkoa wa Manyara ulianzishwa mwaka 2002. Tarehe 5 Februari 1977 TANU na Afro-Shirazi viliungana kuwa Chama cha Mapinduzi.

Hapa tena siku ya mwaka 1977 haikuja yenyewe. Chama kipya kilipewa siku ambayo watu walikwisha kuizoea.

Mfano mwingine ni siku ya Saba Saba. TANU ilizaliwa 7 Julai 1954. Siku ya saba ya mwezi wa saba hukumbukwa kwa urahisi hata na asiyejua kusoma. Mwaka 2021 shirika la UNESCO liliifanya 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, kwa kuwa TANU ilikitumia Kiswahili kuwaunganisha watu wa makabila mengi. Mmbulu, Mbarbaig, Mnyiramba na Mchaga walielewana katika mkutano mmoja.

Siku zinazokutana kwa bahati

Lakini msidhani kila siku yenye mambo mawili imechaguliwa na mtu. Chukueni 3 Desemba.

Tarehe 3 Desemba 1967, katika mji wa Cape Town, Afrika Kusini, daktari Christiaan Barnard na wenzake walimtoa mgonjwa moyo mbovu wakamwekea moyo wa mtu aliyefariki. Ilikuwa mara ya kwanza duniani kumwekea mtu moyo wa mtu mwingine. Mgonjwa yule aliishi siku 18 tu, lakini madaktari waliendelea kujifunza.

Tarehe 3 Desemba 2023, siku ya Jumapili, mvua kubwa ilishusha matope, mawe na miti kutoka Mlima Hanang'. Yaliingia mji wa Katesh na vijiji vya karibu, yakabeba nyumba, mifugo na watu. Waliofariki walikuwa zaidi ya 80. Miongoni mwenu mnaonisikiliza wapo waliozika ndugu. Poleni tena.

Mambo haya mawili hayana uhusiano wowote. Mlima haukujua habari ya Cape Town. Basi mtu akikuambia kwamba siku fulani ni ya balaa, au ni ya bahati, mwulize: je, ni balaa gani, na mwaka gani? Mwaka una siku 365, na mambo ya dunia ni mengi mno. Hapana budi mengine yaangukie siku moja.

Kwa nini tunahangaika na mwaka

Wazee wetu waliihesabu miaka kwa matukio: mwaka wa nzige, mwaka wa njaa, mwaka wa mvua kubwa. Hesabu hiyo ilikuwa na maana, na hata leo inatusaidia kujua umri wa bibi aliyezaliwa bila cheti. Lakini njaa zilikuwa nyingi. Ukisema "mwaka wa njaa" mbele ya baraza, atasimama mwingine aseme alimaanisha njaa nyingine.

Tuseme ndugu wawili wanagombea shamba moja. Kila mmoja ana karatasi ya mauziano, na kila karatasi imeandikwa "9 Desemba." Hakuna mwaka. Nani alinunua kwanza? Baraza haliwezi kujua kwa karatasi hizo. Tarakimu nne tu zingalitosha kuondoa ugomvi. Ni hivyo hivyo kwa cheti cha mtoto, kadi ya kliniki na hati ya mkopo. Kabla ya kutia sahihi yako au kidole gumba chako, tafuta siku, tafuta mwezi, kisha tafuta mwaka. Usipouona, omba uandikwe mbele yako. Ni haki yako, na sasa unajua kusoma.

Mwaka 1971, Tanganyika ilipotimiza miaka kumi ya uhuru, watu wazima nchini walikaa katika vikundi kusikiliza masomo ya redio yaliyoitwa "Wakati wa Furaha," wakijifunza historia ya nchi yao. Ninyi leo mnaifanya kazi ileile.

Maswali ya kujadili darasani

1. Ni jambo gani lilitokea 9 Desemba 1961, na ni lipi lilitokea 9 Desemba 1962? Tofauti yake ni nini?
2. Katika tarehe tulizosoma, zipi zilichaguliwa na watu, na zipi zilikutana kwa bahati?
3. Kwa nini si sawa kusema kwamba Tanzania ilipata uhuru mwaka 1961?

Kazi ya nyumbani

Mwulize mzee mmoja wa nyumbani kwako jambo moja kubwa analolikumbuka la hapa kwetu. Mkisaidiana, tafuteni siku yake, mwezi wake na mwaka wake. Uandike katika daftari kwa sentensi mbili, na utie jina la mzee aliyekueleza. Juma lijalo kila mmoja atasoma chake mbele ya darasa, na mwalimu ataipanga miaka hiyo ubaoni toka wa zamani hata wa karibu. Hapo mtakuwa mmeandika kipande cha historia ya Maretadu kwa mikono yenu.

Kwaherini, na Mungu akipenda tutaonana tena katika somo lijalo.