Vali ya ekzosi katika pikipiki za motokrosi

Injini ya mipigo miwili haina vali za kawaida. Pistoni yenyewe hufunua tundu la moshi ukutani mwa silinda. Tundu likikatwa juu, injini hupata nguvu kwenye mwendo mkali lakini hulegea ikizunguka polepole. Likiwa chini, mambo hugeuka. Kwa miaka mingi mafundi walilazimika kuchagua moja.

Yamaha ndiyo iliyouvunja mkwamo huo kwa mfumo wa YPVS, uliojaribiwa kwanza kwenye pikipiki zake za mashindano ya barabarani mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1982 ukafika kwenye YZ250 ya motokrosi. Rola iliyochongwa upande mmoja hukaa juu ya tundu: injini ikienda taratibu huteremsha ukingo wake, na kasi ikipanda, vizito vinavyotanuliwa na mzunguko huizungusha hadi tundu liwe wazi kabisa.

Honda ilifuata mwaka 1984 kwa ATAC, werevu wa namna nyingine: haikugusa urefu wa tundu, ilifungua chumba cha ziada kando ya ekzosi. Kawasaki ikaleta KIPS mwaka 1985. Adui wa mifumo hii amebaki masizi, yanayoinatisha vali isipofunguliwa na kusafishwa.