Kabla ya Programu ya Kuchuja Wasifu Kulikuwa na Kipande

Nimekuwa kimya karibu mwezi mzima, na nyote mwajua kwamba kimya kingi kina mshindo. Leo sitaandika kuhusu Python wala seva. Nitaandika historia. Mimi nilisomea sayansi ya kompyuta, kwa hiyo walimu wa historia mnaopita hapa mniwie radhi mapema.

Mambo yalianza hivi. Miezi michache iliyopita kampuni moja ya Nairobi, jina naliweka kando, ilinipa kazi ya kuandika programu ya kuchuja maombi ya kazi. Maombi yalikuwa mengi, nafasi chache, na idara ya rasilimali watu ilikuwa na watu watatu tu. Wakanipa masharti: alama kwa shahada, alama kwa uzoefu, na kupunguza alama kwa kila mwaka ambao mwombaji hakuwa kazini wala shuleni. Nikaandika. Programu ikafanya kazi vizuri sana. Sekunde chache, orodha iko tayari.

Miongoni mwa walioangushwa alikuwamo kijana niliyesoma naye Muhuru Bay, hodari wa hesabu kunishinda. Mimi ndiye niliyemwambia atume maombi! Kosa lake lilikuwa miaka miwili mitupu katikati ya wasifu wake. Najua alikuwa wapi miaka hiyo. Alikuwa ziwani usiku kucha, akivua omena kwa taa, akitafuta karo ya wadogo zake.

Nilikwenda kwa mkuu wa uajiri nikamweleza. Akanijibu kwa upole kwamba sharti hilo alilikuta, na hajui nani aliliweka. Nikamwuliza yeye aliingiaje katika kazi hii. Akacheka. Alianza idara ya uhasibu, akahamishiwa kwenye mishahara, kisha siku moja akaambiwa, "Wewe unawajua wafanyakazi wote, kaa hapa uajiri."

Jibu hilo lilinikaa kichwani. Watu wanaoamua nani aajiriwe na nani aachwe hutoka wapi? Nikaanza kusoma. Nilichogundua ni kwamba hapa kwetu, kwa zaidi ya miaka mia moja, karibu kila mmoja wao aliingia kwa mlango wa kazi nyingine, na maswali aliyouliza alitoka nayo kule alikotoka.

Aliyetoka serikalini

Chukua John Ainsworth. Alikuja Afrika Mashariki mwaka 1889 kufanyia kazi kampuni, ile Imperial British East Africa Company, na mwaka 1892 akawekwa kusimamia kituo cha Machakos. Kampuni ilipowaachia serikali ya Uingereza nchi mwaka 1895, naye akawa mtu wa serikali. Baadaye, kwa takriban miaka kumi, alikuwa mkuu wa mkoa wa Nyanza, ofisi yake ikiwa Kisumu. Muhuru yetu ilikuwa ndani ya mkoa huo, kule mwisho kabisa, karibu na mpaka wa Wajerumani uliokutana na ziwa penye nyuzi 1 kusini mwa ikweta.

Vita vikaja mwaka 1914. Huku kusini havikuwa habari za mbali, kwani Septemba mwaka huohuo Wajerumani walivuka mpaka wakaingia Kisii. Jeshi la Waingereza lilihitaji watu wa kubeba chakula na risasi, kwa sababu barabara hazikuwapo na wanyama walikufa kwa mbung'o. Kazi ya kuunda kikosi cha wapagazi alipewa afisa wa utawala aitwaye Oscar Watkins. Ndicho kikosi kilichoacha jina la Kariokor pale Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam.

Mwaka 1917 wapagazi hawakutosha. Ainsworth akatolewa Kisumu, akapewa cheo cha kijeshi na jukumu la kupata watu. Na kwa nini yeye? Kwa sababu aliwajua machifu. Kila wilaya ilipewa idadi yake, chifu akapewa yake, na vijana wakachukuliwa. Kutoka Kenya peke yake, makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, na wengi waliuawa na kuhara, malaria na chakula kibaya kuliko risasi.

Hapa nampa Watkins haki yake. Alishikilia kwamba majina yaandikwe, kwa sababu mtu asiye na jina kwenye daftari hawezi kulipwa. Baada ya vita alipigania mishahara ya waliokufa ipelekwe kwa watu wao. Serikali ilikataa, ikisema jamaa hawapatikani. Jiulize wewe mwenyewe: walipatikana siku ya kuchukuliwa, wakakosekana siku ya kulipwa?

Mwaka huohuo wa 1917 ng'ambo ya bahari kulikuwa na jambo linalofanana kwa sura. Marekani ilipoingia vitani, mtaalamu wa saikolojia Walter Dill Scott alisimamia mpango wa kuwapanga wanajeshi kwa kadi, kila mtu na kadi inayoeleza ujuzi wake, ili fundi wa magari asipelekwe jikoni. Mwaka 1919 yeye na wenzake wakafungua kampuni ya kuyashauri mashirika kuhusu wafanyakazi. Vitabu vingi vya rasilimali watu huanzia kwa watu kama hao. Scott aliuliza, "Mtu huyu anaweza kufanya nini?" Kwetu swali lilikuwa, "Chifu huyu anaweza kutoa wangapi?"

Kipande, hifadhidata yetu ya kwanza

Vita vilipokwisha, Ainsworth alikuwa amepanda hadi kuwa kamishna mkuu wa mambo ya Waafrika. Walowezi hawakumpenda. Walimlaumu kwamba anawatetea mno Waafrika, na kweli kule Nyanza alikuwa amehimiza watu walime na kuuza mazao yao wenyewe. Lakini tarehe 23 Oktoba 1919 ndiye aliyetoa waraka wa gavana Northey, uliowataka maafisa na machifu wahimize vijana kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi. Maaskofu walipiga kelele, na mwaka 1921 London ikaamuru maafisa wa serikali waache kuwatafutia wafanyakazi waajiri binafsi.

Hata hivyo, wakati wa waraka ule kulikuwa na kitu kingine kilichodumu zaidi. Sheria ya usajili ilikuwa imepitishwa mwaka 1915, ikachelewa kwa sababu ya vita, na kuanza kutekelezwa mwishoni mwa 1919. Kila mwanamume Mwafrika wa zaidi ya miaka 16 alitakiwa kubeba kipande. Wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma.

Sasa kitazame kwa macho ya mtu wa kompyuta. Jina, kabila, alama za vidole, mwajiri, mshahara, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuacha, sahihi ya mwajiri. Nakala ya kumbukumbu iko Nairobi. Ndugu zangu, hiyo ni hifadhidata! Alama ya kidole ndiyo ufunguo mkuu, na mfanyakazi mwenyewe anatembea na safu yake shingoni.

Ilifanya kazi vipi? Mwajiri asipotia sahihi ya kumwachilia mfanyakazi, mtu huyo alihesabika mtoro, na alama za vidole zingemfichua popote. Mwajiri mpya aliona mshahara wa zamani, kwa hiyo hakuwa na haja ya kuongeza. Na pale ambapo tarehe hazikuungana, palikuwa na pengo, na pengo lilimaanisha maswali.

Niliposoma hilo niliweka kitabu chini. Programu yangu nayo ilitafuta nini? Pengo.

Watu hawakunyamaza. Desemba 1921 Wajaluo walikusanyika Lundha, na kutokana na mkutano huo kikazaliwa Young Kavirondo Association. Miongoni mwa malalamiko yao ilikuwa kipande na kulazimishwa kazi. Nairobi, Harry Thuku, aliyekuwa karani wa simu wa serikali, alikamatwa Machi 1922 kwa mambo yayo hayo, na waliokusanyika kudai aachiliwe walipigwa risasi. Kipande hakikuondoka upesi. Ilikuwa mwaka 1947 ndipo ilipopitishwa sheria mpya ya kusajili watu wa rangi zote.

Aliyetoka kwa wafanyakazi

Mlango mwingine ulifunguliwa na mtu wa kwetu, kwa maana ya ziwa. Tom Mboya alizaliwa mwaka 1930 katika shamba la mkonge la Kilima Mbogo karibu na Thika, lakini nyumbani kwao ni kisiwa cha Rusinga, Homa Bay. Baba yake alikuwa nyapara katika shamba hilo. Yaani alikua akimwona baba akihesabu watu kila asubuhi.

Mboya mwenyewe alisomea ukaguzi wa afya, akaajiriwa na baraza la jiji la Nairobi. Pale aliwaongoza wafanyakazi wenzake, na mwaka 1953 akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1959 alikuwa miongoni mwa walioandaa safari ya ndege iliyopeleka wanafunzi 81 Marekani. Mwaka 1962 akawa waziri wa kazi, na Oktoba ya mwaka huo serikali, waajiri na vyama wakatia sahihi mkataba wa mahusiano kazini. Mwishoni mwa 1964 akawa waziri wa mipango ya uchumi.

Mwaka 1965 wizara yake ilichapisha makadirio ya wataalamu ambao Kenya ingehitaji kati ya 1964 na 1970. Hapo ndipo kupanga nguvu kazi, kwa maana tunayoijua leo, kulipoanza kuonekana katika serikali huru. Angalia swali lilivyogeuka. Ainsworth aliuliza tuchukue watu wangapi kutoka kijiji gani. Wizara ya Mboya iliuliza nchi itahitaji wahandisi, walimu na madaktari wangapi, na basi tuwasomeshe wangapi. Kuhesabu ni kulekule, lakini hesabu ya pili inaishia darasani.

Simfanyi malaika. Mipango ya namna ile iliwatazama zaidi waliosoma, na mvuvi wa Muhuru hakuwa na safu katika jedwali lake. Mboya aliuawa kwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akiwa bado waziri wa mipango.

Meneja wa wafanyakazi

Kampuni nazo zilibadilika. Sheria ya uhamiaji ya 1967 ilimtaka asiye raia awe na kibali cha kazi, na kampuni zikabanwa kuweka Wakenya katika vyeo vya juu. Cheo cha meneja wa wafanyakazi kikawa miongoni mwa vile walivyopewa Waafrika mapema. Wengi waliokishika walitoka ualimu, utawala wa wilaya au vyama. Kilikuwa cheo kizuri chenye gari, lakini pesa zilibaki mikononi mwa wengine.

Taratibu kazi hiyo ikajitafutia heshima yake. Mwaka 1975 wakaunda taasisi yao, ambayo leo ni taasisi ya usimamizi wa rasilimali watu. Mwaka 2012 ikapitishwa sheria ya kuitambua kama taaluma yenye mitihani, usajili na nidhamu. Siku hizi kijana anaweza kuanza chuoni akijua anataka kuwa mkuu wa uajiri, jambo ambalo Ainsworth, Watkins na Mboya hawakuwahi kuliota.

Na sasa sisi

Lakini mlango mpya umefunguka, na wanaouingia ni sisi waandishi wa programu. Hatuna cheo cha uajiri. Hatujafanya mtihani wa taaluma hiyo. Tunapewa masharti kwenye baruapepe, tunayageuza kuwa mistari ya msimbo, na maelfu ya watu wanaangushwa kabla binadamu yeyote hajasoma majina yao.

Sheria ipo. Sheria ya ajira ya 2007, kifungu cha 5, inakataza ubaguzi, hata ule wa kuzunguka, katika kuajiri. Sheria ya kulinda data ya 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutoamuliwa mambo mazito na mashine peke yake. Ni wangapi kati yetu tumeisoma kabla ya kuandika mstari wa kwanza? Mimi sikuwa nimeisoma.

Nyumbani Muhuru mwenye mtumbwi akitafuta vijana wa kwenda ziwani naye huchuja. Huangalia mikono, huuliza mama yako ni nani, hukumbuka nani alilala zamu. Anapendelea watu wake, sikatai. Lakini akikukataa anakuambia usoni, na kesho mnakutana pwani ileile.

Nilichofanya ni kidogo. Nilirudi kwa mkuu wa uajiri tukakaa saa mbili. Sasa programu inapanga maombi lakini haimwangushi mtu, na penye pengo inamwuliza mwombaji aeleze kwa maneno yake. Kazi ya kusoma imeongezeka, na idara ya watu watatu imelalamika. Yeye alikubali, na namshukuru.

Rafiki yangu hakupata kazi ile, nafasi zilikuwa zimejaa. Nilimpigia simu kumwomba radhi. Nilisikia upepo wa ziwa upande wake. Akaniambia, "Omera, hiyo programu ilidhani nilikuwa nimelala?"

Sikuwa na jibu. Nimemwambia nafasi zikitangazwa tena atume maombi, na pale kwenye pengo aandike: nilikuwa kazini.

Haya, tukijaliwa tutaonana juma lijalo, na nitarudi kwenye seva.