Corrstown

Corrstown ni eneo la akiolojia karibu na mji wa Portrush, katika pwani ya Eire ya Kaskazini, palipokuwa na kijiji cha katikati ya Zama za Bronzi. Kilichimbuliwa mwaka 2002 na 2003, kabla ya ujenzi wa nyumba mpya za makazi.

Mbao na mapaa yalikwisha kuoza, hivyo wachimbaji walisoma alama zilizobaki udongoni: mashimo ya nguzo, mitaro iliyozunguka nyumba, sakafu zilizochimbwa chini kidogo na njia zilizotandikwa mawe. Zilitambuliwa nyumba 74 za msonge, nyingi zikiwa zimepangwa kwa safu kando ya barabara ya mawe. Si zote zilikaliwa wakati mmoja. Vilipatikana pia maelfu ya vigae vya vyungu na vipande vya gumegume. Upimaji wa rediokaboni unaonyesha kwamba kijiji kilistawi hasa karibu na karne za 14 na 13 KK.

Umuhimu wake ni mkubwa, kwa kuwa makazi mengi ya zama hizo yanayojulikana kisiwani Eire yana nyumba chache tu. Ripoti kamili ya uchimbaji ilichapishwa mwaka 2012.