Chasisi ya Manchester, Injini ya Illinois

Historia ya vichwa vya treni vya dizeli vya Ireland inaposimuliwa, kundi A hutajwa kwa kicheko: vichwa 60 vilivyonunuliwa Uingereza, vikavuja mafuta, vikafuka moshi, vikazimika njiani, mpaka vikashushwa injini na kuwekewa za Kimarekani. Matukio hayo ni ya kweli. Kasoro iko kwenye hukumu, kwa sababu kichwa cha dizeli si injini peke yake. Injini huzungusha jenereta, jenereta hupeleka umeme kwenye mota zilizofungwa kwenye ekseli, na mota ndizo zinazozungusha magurudumu. Chini ya vyote hivyo kuna chasisi na bogi zinazobeba tani zaidi ya 80. Katika yote hayo, kibovu kilikuwa kimoja.

CIÉ, shirika la usafiri la Ireland, halikukimbilia dizeli kwa kufuata mtindo. Makaa ya mawe yalitoka ng'ambo, hasa Uingereza, na wakati wa Vita Kuu ya Pili yalifika machache tena mabovu, yakiganda kwenye tanuri hata treni ikabidi isimame njiani ili moto usafishwe. Mapema mwaka 1947 makaa yalipungua kiasi kwamba treni za abiria zilisitishwa katika njia nyingi. Baada ya hapo ndipo ikaja oda kubwa kwa Metropolitan-Vickers ya Manchester: vichwa 60 vya kundi A, na vingine 34 vidogo vya kundi C, vyote vikiwa na injini za Crossley, kampuni ya mji huohuo. Injini ya kundi A ilikuwa na silinda nane na nguvu za farasi 1,200. Vichwa vya kwanza viliingia kazini 1955, na kufikia 1963 mvuke ulikuwa umekwisha katika reli za CIÉ. Vichwa vya General Motors vilivyoanza kufika 1961 vilichangia, lakini mzigo wa miaka ya mwanzo ulibebwa na hiyo Crossley inayochekwa.

Tatizo lake lilikuwa nini? Wengi hujibu haraka kwamba ilikuwa injini ya mipigo miwili. Jibu hilo halisimami, kwani injini ya Kimarekani iliyoirithi nayo ni ya mipigo miwili. Crossley haikuwa na vali za kutolea moshi. Ilitegemea msukumo wa moshi wa silinda moja kusaidia kushindilia hewa katika silinda jirani. Ni ufundi wa kupendeza kwenye karatasi, na huenda unavumilika kwa injini iliyokaa mahali pamoja ikizunguka kwa mwendo uleule. Kichwa cha treni hakina maisha hayo. Kinaondoka, kinapanda, kinapunguza, kinangoja taa kikinguruma, kisha kinaondoka tena, na injini inatikisika mpaka viungo vyake vinaanza kutoa mafuta. Juu ya hayo, vichwa vya kundi A vilianza kazi vikiwa na rangi ya fedha, kwa hiyo kila tone la mafuta na kila wingu la masizi lilijiandika ubavuni abiria wote wakiona. Nadhani rangi hiyo ina sehemu yake katika sifa mbaya waliyopewa watengenezaji wa Manchester.

Mtu atauliza kwa haki: kwa nini wasingenunua Marekani tangu mwanzo? Swali hili ni rahisi kwa anayelitazama kutokea 1961, vichwa 15 vya kundi 121 vilipowasili kutoka General Motors na kuonyesha kazi ya kutegemewa inavyokuwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 paundi ya Ireland ilikuwa imefungamanishwa na ya Uingereza, na dola zilikuwa adimu. Kuagiza vichwa 94 kwa fedha hiyo ya shida, huku kiwanda kikiwa ng'ambo tu ya bahari, kungehitaji ujasiri ambao serikali chache zingekuwa nao.

Pingamizi zito zaidi ni lile la gharama: kununua kitu kibovu kisha kukilipia mara ya pili si busara, bora kukitupa. Waingereza walifanya hivyo. Metropolitan-Vickers iliwatengenezea vichwa 20 vyenye injini ya Crossley ya aina hiyohiyo mwaka 1958 na 1959, na kufikia 1969 vyote vilikuwa vimeondolewa kazini, vingine bila kumaliza miaka kumi. Lakini Uingereza ilikuwa na vichwa vya aina nyingine tele vya kuziba pengo. Ireland ina reli za upana wa milimita 1,600, ambao mbali na kisiwa chenyewe unapatikana Australia na Brazili tu, kwa hiyo hapakuwa na jirani wa kumuuzia wala wa kununua kwake kilichotumika. Kutupa kundi A kungekuwa kutupa chasisi, mota na jenereta nzima kwa kosa la injini.

Injini iliyochaguliwa haikuwa ya kubahatisha. Tangu 1966 CIÉ lilikuwa na vichwa 12 vya kundi 181 vyenye injini ya 645 ya silinda nane kutoka General Motors ya Illinois, jina ambalo ni ujazo wa kila silinda kwa inchi za ujazo, na mafundi wake walishaizoea. Kuanzia 1968 hadi 1971, katika karakana ya Inchicore jijini Dublin, vichwa vyote 60 vilifunguliwa na kuwekewa 645 ya silinda 12, iliyopangwa kutoa nguvu za farasi 1,325. Mwanzoni haikuachwa itoe zaidi, kwa kuwa ilipaswa kuishi na umeme wa zamani wa Metropolitan-Vickers, na vifaa hivyo vya umeme vikaendelea na kazi kwa zaidi ya miaka 20 mingine. Kundi C nalo lilifuata njia hiyo, taratibu zaidi, hadi 1980.

Kila kichwa kilichobadilishwa injini kilipewa herufi R mwishoni mwa namba, ili A3 iwe A3R, A39 iwe A39R. Herufi hiyo haikudumu. Mwaka 1972 namba zilipangwa upya kuanzia 001 hadi 060, R ikafutwa, na kwa namba hizo kundi hilo lilivuta abiria na mizigo mpaka cha mwisho kilipostaafishwa mwaka 1995.